Ufagio Ulale, Mkeka Utandikwe

Uswahilini jua likizama, ufagio hulala: anayefagia usiku anafagia riziki. Sindano nayo haiuzwi gizani. Mwenye duka atakuapia hana, na pakiti iko rafuni nyuma yake. Kiganja cha kulia kikiwasha, fedha zaja. Cha kushoto, zaondoka. Sabuni ya unga iliyokiwasha haitajwi. Droo ikipungua jioni, mwizi anajulikana: chuma ulete, ile noti ya kichawi inayoingia dukani na kutoka na wenzake. Shemeji aliyebeba sukari kwa ahadi ya mwisho wa mwezi hahojiwi.

Ajabu, riziki hii inayokimbia ufagio haiogopi simu. Saa tano usiku baba, aliyetoka kumkemea binti kwa kufagia, anatandika mkeka wa kubeti wa timu kumi na mbili, moja inauchana. Asubuhi mama anapanga foleni ya kausha damu, ule mkopo wa riba kubwa.

Waganga wanabandika matangazo ya mvuto wa pesa hadi kwenye nguzo za umeme. Dawa ya kushusha riba, tangazo lake bado tunalisubiri.