Kompyuta Inasema Bado Niko Njiani

Ujumbe wa kwanza uliingia jana usiku kwenye grupu la familia, kutoka kwa shemeji yangu: "Pole sana shemeji. Afya kwanza, mbio zitakuja nyingine." Nikadhani kakosea mtu. Kabla sijajibu, mama mkwe akaweka viganja viwili vya dua. Baba mdogo yeye akauliza nimelazwa wapi.

Mke wangu alikuwa kwenye kochi lilelile nililokaa mimi, miguu juu ya stuli, medali bado shingoni. Akanigeuzia simu. Matokeo ya nusu marathoni ya Moshi yalikuwa yametoka. Yeye saa 2 na dakika 31. Mimi: hakumaliza.

"Labda mtambo umekosea," akasema, kwa sauti ya muuguzi anayemwambia mtoto asiitazame sindano.

Sasa kaa chini nikueleze mtambo wenyewe, kwa sababu usiku mzima sikulala na najua mambo ambayo siwezi tena kuyasahau. Nyuma ya ile namba tunayoibana tumboni kwa pini kuna chipu, utepe mwembamba usio na betri. Haina umeme wake hata chembe. Imelala tu. Ukikanyaga mkeka wa kuanzia, antena zilizomo zinarusha mawimbi ya redio, na chipu inachota nguvu kidogo kutoka kwenye mawimbi hayohayo, inaamka, inataja namba yake, inalala tena. Basi. Kompyuta inaandika saa. Ndiyo maana mtu aliyesimama mwisho wa umati hadhulumiwi: muda wake unahesabiwa tangu yeye alipokanyaga mkeka, si tangu bastola ilipolia. Mimi nikiwa mtu wa nyuma kwa asili, nilipolisoma hilo nilikaribia kuupenda huo mtambo.

Lakini una maadui wawili. Wa kwanza ni maji, ambayo huyameza mawimbi, na mwili wa mwanamume kwa zaidi ya nusu ni maji. Ndiyo maana chipu nyingine hubandikwa kipande cha sifongo kwa nyuma, isigusane na mwili uliolowa jasho. Wa pili ni chuma. Chuma huyarudisha mawimbi yalikotoka. Funika chipu kwa kitu cha chuma, halafu kitu hicho kikukandamizie chipu kwenye tumbo lililolowa, na mbele ya kompyuta wewe hujazaliwa.

Hapo ndipo ninapomleta mke wangu.

Tulipoanza, mkoba wangu wa kiunoni ulikuwa mgongoni, na ndani yake hamkuwa na kitu ila simu yangu. Mkeka wa kuanzia ulinisoma vizuri kabisa. Kisha barabara ikaanza kupanda kuelekea Mweka. Anayetoka Dar es Salaam hajui kupanda. Mlima tunaoufahamu sisi ni ngazi za ghorofa lift ikiharibika. Moshi penyewe tayari pako juu, na ile barabara inakata migomba na kahawa ikizidi kupanda tu, huku watoto wamesimama getini kwao wakikutazama unavyokata pumzi. Mmoja akaniambia, "Shikamoo, babu." Sijafika hata hamsini.

Basi katikati ya mlima huo mama watoto akasogea karibu, mwepesi, anapumua kwa pua, akasema, "Mume wangu, nishikie hii." Simu yake. Hatua chache mbele: "Na hii." Ufunguo wa chumba cha hoteli, umefungwa kwenye bamba la chuma zito ili wageni wasiondoke nao. Kisha miwani na kasha lake, nalo la bati. Mkoba ukaanza kunichapa kiuno, nikauzungushia mbele, juu ya namba. Yeye akaondoka. Nikaiona fulana yake mara moja tu, kwenye kona, halafu sikuiona tena.

Nimemaliza. Nimekanyaga mkeka wa mwisho kwa miguu yangu miwili, nikiwa na simu mbili, bati, na nusu kilo ya ufunguo juu ya chipu. Hakulia mtu, hakikulia kitu. Kwa mujibu wa kompyuta nilitoka Moshi mjini nikielekea Mlima Kilimanjaro na mpaka leo sijarudi.

Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya dunia ya marathoni kwa saa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros, na ilibidi picha ya mstarini iamue, kwa sekunde 0.03. Sekunde 0.03 za Mtanzania zilionekana. Saa zangu 3 kasoro kidogo hazikuonekana.

Nimewaandikia watu wa muda. Wamejibu kwa adabu: nitume picha inayoonyesha namba yangu mstarini. Picha zinauzwa mtandaoni, unazitafuta kwa namba. Namba ilifunikwa na mkoba. Mke wangu alikuwepo pale mwisho, ananisubiri, angenipiga picha hata kumi, ila simu yake ilikuwa tumboni kwangu. Alichoniambia nilipofika, kabla ya hongera, ni "Ufunguo uko wapi?"

Na hapa utani uniishie kidogo. Sisi wa nyuma tunalipa ada ileile. Katika mbio nyingi nilizokimbia, tukifika kituo cha maji tunakuta vikombe vitupu vimetapakaa barabarani na kijana anakunja meza. Tukifika mwisho, muziki umezimwa. Kitu kimoja tu tunachopewa sawa na walioshinda ni ule mstari kwenye matokeo, jina na muda, na huo ndio niliokosa. Mtu wa saa 1 na dakika 5 akipotea kwenye orodha, watapiga simu kumi kumtafuta. Mimi ninaombwa ushahidi.

  

Mwakani tunarudi. Nimemwambia mke wangu kila mtu atabeba vitu vyake. Amesema sawa, ila nijisajili kilomita 5.