Elisi ya Mdogo Wangu na Kabichi za Shangazi

Mdogo wangu anayeishi Louisville, Kentucky, ana ndege. Haipandi mtu. Mabawa yake yana mita mbili na robo kutoka ncha hadi ncha, uzito wake ni kama kilo nane, puani ina injini ya petroli ya sentimita za ujazo 50, na kazi yake kubwa duniani ni kupinduka. Inapaa, inalala ubavu, inaruka mgongo chini, inasimama wima hewani ikining'inia kwenye elisi yake, halafu inatua pale pale ilipotoka, haikubeba mtu wala mzigo. Shangazi alipoonyeshwa video yake kwenye simu aliitazama yote kwa heshima, akarudisha simu, akauliza: "Na sasa imeleta nini?"

Sisi wa Goma, kando ya Ziwa Kivu, tuna boti. Ni ya mbao, ndefu, ina moteri ya nyuma ya nguvu za farasi 40, na inaleta kabichi kutoka Minova, mananasi kutoka kisiwa cha Idjwi, makaa, mbuzi, na shangazi mwenyewe akiwa amekaa juu ya kabichi zake ili zisiibwe. Mdogo wangu alichangia nusu ya bei ya moteri, na kwa sheria za ukoo wetu anayetuma pesa ndiye mhandisi mkuu. Kwa hiyo elisi ikivunjika, na kwenye ufuko wa Goma elisi huvunjika, mkutano wa kiufundi hufanyika WhatsApp: yeye Kentucky, ametoka kazini usiku kwenye ghala la vifurushi, mimi nimekaa juu ya bidoni bandarini Kituku nikitazama mega zangu zinavyoyeyuka.

Elisi, iwe ya hewani au ya majini, hujulikana kwa namba mbili, zote za inchi. Ya kwanza ni upana wa duara linalochorwa na mapanga yake. Ya pili ni hatua, yaani umbali ambao elisi ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye ubao. Injini ya 50 ya mdogo wangu huvaa 22 kwa 8, au 23 kwa 8. Wenye injini za 100 hufunga 27 kwa 10 au 28 kwa 10, na kwa elisi ya namna hiyo mtu angeweza kufyeka shamba la muhogo akamaliza kabla ya chai. Ile ya hatua 8 ukiizungusha mara 7,000 kwa dakika, hesabu inatoa kilomita 85 kwa saa. Mdogo wangu alinifanyia hesabu hiyo kwa ujumbe wa sauti, kisha akaomba namba za elisi yetu. Nikafuta grisi kwa kidole, nikasoma kwenye kitovu: hatua 12. Akakokotoa, akagawa kwa giaboksi, akatangaza kwamba boti yetu inapaswa kupita kilomita 40 kwa saa.

Kapiteni wetu alilisikia tangazo hilo kwenye spika ya simu. Asubuhi ile ile alikuwa amepitwa na watu wawili wa kasia waliokuwa wanapiga stori. Tofauti kati ya kilomita 40 za Kentucky na mwendo wetu wa kweli wataalamu wanaiita mtelezo. Sisi tunaiita kabichi.

Kuna jambo jingine ambalo mhandisi mkuu alilisahau, na ni kosa la kila anayelinganisha elisi akiwa kwao. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 13 kuliko ya Mombasa, na moteri inayovuta hewa kwa pumzi zake yenyewe hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Wale farasi 40 walioandikwa kwenye kofia ya moteri walihesabiwa kando ya bahari. Waliofika Goma ni 35, na wamechoka na safari. Maji, kwa upande wake, hayakupungua uzito kwa sababu tumepanda mlima. Dawa inajulikana: punguza hatua. Kila inchi moja unayoipunguza huirudishia moteri kama mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Mdogo wangu, ambaye mji wake uko mita mia na kitu tu juu ya bahari, aliniambia nisiwe mwoga, niongeze hatua, eti mambo ni kasi.

Ana ndoto ya kuileta ndege yake nyumbani. Nilimweleza kwanza upande wa fizikia: huku injini itakosa hewa ya kuvuta, na mapanga nayo yatakosa hewa ya kushika, kwa hiyo kusimama wima kule anakojivunia kutakuwa kuanguka polepole. Kisha nikamweleza upande wa majirani. Goma, kitu chenye mlio wa injini angani hakipigiwi makofi. Uwanja wetu wa ndege ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, na hata leo pikipiki ikikohoa vibaya jirani yangu anahesabu watoto. Sasa mletee kindege kinachopinduka juu ya mtaa wa Himbi, na elisi ambayo ncha zake hukimbia zaidi ya mita 200 kwa sekunde, na kelele nyingi za vindege hivyo hutoka kwenye hizo ncha. Akasema basi atafunga elisi ya mapanga matatu, ni fupi na haipigi kelele sana. Nikamwambia jirani yangu hatahesabu mapanga.

Tukabaki na ugomvi wa malighafi, ambao ndio mtamu. Warusha vindege wana madhehebu mawili. Kuna watu wa mbao na kuna watu wa kaboni. Mbao ni bei nafuu, inatuliza mtikisiko, na injini mpya wengi huizoesha kazi kwa elisi ya mbao. Ndege ikitua kwa pua, mbao inapasuka vipande vipande na krenki ya injini inabaki salama. Kaboni ni ngumu, haijipindi kwa kasi, injini ikiguswa inaitika mara moja. Bei yake inaumiza, na kingo zake zinakata kidole bila kuomba samahani. Mdogo wangu ni mtu wa kaboni. Aliagiza Mejzlik ya kutoka Cheki na akanitumia picha yake ikiwa imelala kwenye taulo jeupe, mama alidhani ni mjukuu.

Ziwani nako madhehebu ni mawili: aluminiamu na inoksi, chuma kisichoshika kutu. Inoksi ina mapanga membamba yasiyokunjika, inashika maji vizuri, inang'aa. Aluminiamu ni nene na laini kidogo. Lakini ikigonga jiwe inajikunja au inakatika panga, na gia za ndani zinapona. Inoksi ikigonga jiwe, jiwe linashinda, elisi inashinda, na kipigo chote kinapanda juu kwenye gia. Na mawe ya Goma yanajulikana. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava iliyopita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani, juu ya lava nyingine za zamani. Ufuko wetu ni mweusi na una meno. Ndiyo maana mimi ni mtu wa aluminiamu. Napenda elisi inayokubali kufa mapema.

Ila hata maiti ya elisi Goma haizikwi. Upande wa Birere yuko fundi anayeyeyusha aluminiamu ya kila aina na kumimina masufuria. Tulimpelekea elisi iliyopoteza ncha ya panga moja. Akaigeuza, akaipiga konzi, akasema hii ni kazi ya saa moja. Akachimba umbo kwenye mchanga, akamimina, akapiga tupa. Ukiitazama kwa karibu uliona mpaka kabisa: huku panga la kiwanda, jeusi na laini, huku nyama mpya, nyeupe, yenye vitundu vya mchanga. Ilikuwa nzuri kuitazama. Tukaifunga, kapiteni akavuta kamba, moteri ikawaka, na boti nzima ikaanza kutetemeka. Misumari ilianza kuimba. Kuku waliofungwa miguu walijaribu kuondoka. Bibi mmoja alishika taya lake kwa mikono miwili hadi Minova.

Mhandisi mkuu akapigiwa. Hapa, nakiri, elimu yake ya vindege ilikuwa na maana. Elisi lazima ilingane uzito, alisema, kila panga sawa na mwenzake. Unapitisha ufito laini kwenye tundu la kitovu, unaulaza juu ya kingo mbili zilizosawazishwa, unatazama panga gani linashuka. Warusha vindege wakikuta panga zito hulisugua kwa msasa, au hulipaka vanishi lile jepesi, tone kwa tone. Fundi wa sufuria alitazama somo lote kwenye simu, akatikisa kichwa kama mtu anayekumbushwa alichokijua, akashika tupa. Panga la kwanza likashuka, akalila kidogo. La pili likashuka, akalila. La tatu likaona wenzake wanahudumiwa, likashuka nalo. Vumbi la aluminiamu likajaa kwenye nyusi zake. Kufikia jioni usawa ulipatikana. Elisi ndiyo iliyokosekana. Tulipoipima kwa rula ya mtoto wa shule na kumtumia mdogo wangu namba, alijibu kwamba kipimo hicho hakuna kiwanda kinachokitengeneza. Fundi alilipokea jibu hilo kama sifa.

Katika mabishano haya hatukuwa wa kwanza. Mwaka 1903, jimbo la jirani la Ohio, ndugu wawili wa ukoo wa Wright walihitaji elisi ya ndege yao. Walidhani watakopa hesabu kwa wajenzi wa meli, ambao walikuwa na elisi majini kwa miongo mingi. Wakakuta watu wa meli hawana nadharia, wanajaribu tu mpaka chombo kiende, mtindo wa Birere. Wakakaa chini wenyewe, wakaitazama elisi kuwa ni bawa linalozunguka, wakachonga mbili kwa mbao, kila moja zaidi ya mita mbili na nusu kwa urefu. Njiani waligombana mno. Wao wenyewe wamesimulia kwamba baada ya kubishana kwa muda mrefu kila mmoja alijikuta amehamia upande wa mwenzake, na ugomvi ukaendelea kama kawaida.

Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Jumapili moja injini ya mdogo wangu ilizimika ndege ikiwa hewani karibu na ardhi, imetazama juu. Ilishuka kwa pua. Mejzlik ilivunjika, lakini si kabla ya kuipindisha krenki. Alinipigia kwa sauti ya msiba, nikaita familia. Kufikia Jumatano alikuwa mtu wa mbao, tena mwenye msimamo. "Yaya," aliniambia, maana kwetu mkubwa huitwa yaya, "elisi inayovunjika ndiyo elisi. Huko ziwani usiguse inoksi kabisa."

Tatizo ni kwamba pesa za inoksi alikuwa ameshazituma wiki moja kabla, na kapiteni alikuwa ameshaniingiza kwenye dini mpya. Tulikuwa dukani. Muuzaji aliinua noti zetu za dola, moja baada ya nyingine, kwenye mwanga, akapapasa kingo, akarudisha moja kwa sababu ya mpasuko ambao sikuuona hata baada ya kuonyeshwa. Huku kwetu dola yenye jeraha haikubaliwi, hata ukimleta rais aliyechorwa juu yake atoe ushahidi. Mbadilisha pesa wa barabarani aliikubali kwa bei ya mgonjwa, tukaongeza faranga, tukatoka na inoksi imefungwa kwenye gazeti. Ile ya aluminiamu tulimwachia fundi wa sufuria kuwa sehemu ya deni lake.

Siku ya kwanza, boti ikiwa tupu, iliruka. Naapa iliruka. Wale watu wa kasia tuliwapita wakaacha stori. Nikamtumia mdogo wangu video, akajibu kwa kunitumia picha ya elisi ya mbao.

Lakini kapiteni alikuwepo dukani. Aliiona bei ikilipwa. Tangu hapo, akiwa bado mbali na ufuko, anazima moteri, anaiinua nje ya maji, anaikagua elisi panga kwa panga, anaikausha kwa kitambaa, na vijana wanaingia bandarini kwa kasia. Usiku anaifungua kwa kuogopa wezi na kwenda nayo kwake mtaa wa Majengo. Asubuhi abiria wanakaa kwenye boti wakimsubiri ashuke kutoka mjini, elisi ikiwa begani, anaulizwa habari zake na kila anayekutana naye. Akifika anatafuta pini ya kuifungia. Kila mara pini iko nyumbani.

Kabichi zikaanza kufika wakati wanunuzi wameshakula. Shangazi alivumilia, kwa sababu ni mtu wa ibada, kisha siku moja akaniita kando, akavua kandambili, ishara kwamba mazungumzo ni marefu.

"Mtoto wangu, ile elisi ya fundi wa sufuria iko wapi? Irudisheni. Ile ilikuwa inatutetemesha, lakini tulikuwa tunafika."

Nikamwambia haipo. Fundi ameiyeyusha tena, akamimina sufuria kubwa yenye mikono miwili, na sufuria hiyo ameinunua shangazi mwenyewe mwezi uliopita, ile anayopikia sombe kwenye mbabula, jiko lake la makaa.

Shangazi alifikiri.

"Ndiyo maana haitulii juu ya mbabula," akasema.