Jinsi ya Kununua Kamera Busia na Kujuta Hadi Paya

Ukitaka kuuziwa kamera mbovu kwa amani, fika Busia saa saba mchana, jua likiwa utosini, na uulize swali moja tu: "Hii ina megapikseli ngapi?" Muuzaji atafurahi sana. Jibu limebandikwa kwenye boksi kwa herufi za dhahabu: 48. "Boss wangu, hii ndiyo wanapigia harusi Kampala," atakwambia, nawe usimwulize harusi ya nani. Lipa kwa shilingi ya upande wowote wa mpaka, panda boda, urudi zako Paya, ukaandike "Studio" kwenye mlango wa duka.

Usikubali kabisa kuijaribu kamera nje. Ijaribu humohumo dukani, chini ya taa, kwa kupiga picha boksi lake. Boksi litatoka vizuri ajabu.

Kisha subiri Jumamosi. Bibi harusi yuko ndani ya gauni jeupe, bwana harusi suti nyeusi, wamesimama chini ya mwembe na nyuma yao uwanja unawaka jua. Bonyeza. Gauni limekuwa shuka lisilo na mkunjo hata mmoja. Bwana harusi ana kola na meno. Baina ya hivyo viwili hakuna mtu. Ukimwongezea mwangaza kwenye kompyuta, uso utajaa chenga, na juu ya chenga ipite michirizi ya wima kutoka paji la uso hadi tai. Mama mkwe atauliza mkwe wake yuko wapi, na hilo ni swali la haki.

Mwongozo wa kweli kwa mtu wa kupigwa ungeishia hapo. Lakini kwa kuwa pesa imeshakwenda, afadhali ujue imekwendea nini.

Pikseli haijui namba. Mwanga ukiipiga hukusanya chaji, na chaji hiyo husomwa kama volti. Kinachoigeuza volti kuwa namba ni kigeuzi cha analogi kwenda dijitali, kifaa ambacho muuzaji hajawahi kukisikia. Anayepima mahindi kwa gorogoro atakwambia mzigo ni gorogoro kumi au kumi na moja; punje zilizobaki chini ya gorogoro moja hazimo hesabuni. Kigeuzi nacho kina kipimo chake. Chenye biti 10 kina vidato 1,024 kutoka giza hadi mwanga kamili. Cha biti 12 kina 4,096. Cha biti 14 kina 16,384.

Balaa ni kwamba vidato hivyo havigawanywi kwa usawa. Katika kigeuzi cha biti 12, nusu ya juu ya mwanga, yaani gauni, inajichukulia vidato 2,048. Nusu ya kile kilichobaki inapata 1,024, inayofuata 512, na ukiteremka hivyo hadi hatua ya sita, kule kivulini alikosimama bwana harusi, kuna vidato 64. Kwa biti 10 ni 16 tu. Shavu, kidevu, ndevu zilizonyolewa asubuhi, vyote vigawane 16! Watu wetu weusi waliosimama kivulini karibu na kitu cheupe ndio wanaolipa ubovu wa kigeuzi kabla ya mtu mwingine yeyote, na ndiyo picha tunayoipiga kila wikendi.

Kigeuzi kilidharauliwa tangu mwanzo. Mwaka 1975, Steven Sasson wa Kodak alipounda kamera ya dijitali ya pikseli 10,000, kigeuzi alikichukua kwenye teknolojia ya mita ya kupimia volti, na picha moja ilitumia sekunde 23 kuingia kwenye kaseti. Kwa miaka mingi baadaye volti zilisafirishwa nje ya chipu ya kihisi kwenda kwa vigeuzi vichache, zikiokota chenga njiani.

Mwaka 2007 Sony ikaleta Exmor: kila safu wima ya pikseli ikapewa kigeuzi chake humohumo kwenye chipu. Volti ya kulinganishia hupanda polepole huku kaunta ikihesabu. Ikikutana na volti ya pikseli, kaunta husimama, na hapo ilipofika ndiyo namba yako. Ujanja wenyewe uko katika kuhesabu mara mbili. Pikseli ikiwa bado tupu, kaunta huhesabu kurudi nyuma. Ikishapata mwanga, huhesabu kwenda mbele. Uchafu uliokuwemo tangu mwanzo hujikata wenyewe. Vigeuzi ni maelfu na havifanani sawasawa, kwa hiyo kihisi kisichosawazishwa vizuri huchora ile michirizi ya wima kwenye suti.

Ubora una bei, na hapa bei ni muda. Ukiongeza biti mbili kwa njia hii ya kuhesabu, hesabu inakuwa ndefu mara nne. Nikon D300, ya mwaka huohuo, ilipiga picha 6 kwa sekunde kwa biti 12. Ukiiweka biti 14 inashuka hadi 2.5. Keki ikikatwa haraka, imekupita.

Sasa usirudi Busia ukaanza kuuliza biti. Wataziandika nazo kwenye boksi. Kigeuzi cha biti 14 kilichofungwa kwenye kihisi chenye chenga nyingi kazi yake ni kuzipima kwa umakini mkubwa. Hata hiyo 48 si lazima iwe uongo: Sony IMX586 ya mwaka 2018 ina pikseli milioni 48 kweli, ila nne nne ziko chini ya rangi moja, na kwa kawaida hutoa picha ya milioni 12. Nyingine zimetiwa maji na programu tu. Boksi halitakwambia ipi ni ipi.

Nenda na rafiki mweusi aliyevaa shati jeupe. Mtoe nje, msimamishe chini ya kibaraza, zima flashi, weka RAW kama ipo, maana JPEG hukuachia vidato 256 tu kwa kila rangi. Pima mwanga kwenye shati ili lisiungue. Kisha vuta picha uitazame shingo yake, si macho, umwongezee mwangaza uone kama ngozi inabaki ngozi. Muuzaji akikataa kamera isitoke mlangoni, msalimie vizuri na umwachie megapikseli zake.