Kipya Kinyemi, Hata Kama Hakifunguki

Nikiulizwa kwenye vikao vya harusi nafanya kazi gani, husema natengeneza programu za kompyuta. Aliyeuliza anaitikia kwa heshima, kisha ananieleza kwamba printa ya ofisini kwao inakwamisha karatasi. Zamani nilikuwa naudhika. Siku hizi namwonea wivu fundi printa. Printa ya mwaka 2009 inaingiza karatasi, inatoa karatasi. Hakuna aliyewahi kumwamsha fundi wake Jumatatu asubuhi kumwambia kwamba karatasi sasa zinaingilia ubavuni, wino umepitwa na wakati, na wote wanaochapa kwa mtindo wa wiki jana ni washamba.

Sisi tunaamshwa hivyo kila kukicha.

Tuanze na JavaScript, lugha inayoendesha karibu kila ukurasa unaoufungua kwenye simu yako. Brendan Eich aliunda toleo lake la kwanza mwaka 1995, akiwa kampuni ya Netscape, kwa siku 10. Siku kumi! Mjini hapa siku kumi hazitoshi kupata saini ya mhasibu kwenye hundi. Ilipofika zamu ya kuipa jina wakaibandika la Java, lugha iliyokuwa ikitamba sokoni wakati ule, ingawa undugu wao ni wa mbali kiasi kwamba hata msibani wasingekaa mkeka mmoja.

Ndani ya JavaScript, ukijumlisha 0.1 na 0.2 unapata 0.30000000000000004. Watetezi wake hukimbilia kusema kwamba lugha nyingi zinafanya hivyo, kwa kuwa ndivyo kompyuta inavyohifadhi desimali, na wako sahihi kabisa. Sawa. Waje wamweleze hivyo mweka hazina wa kikoba, Jumapili mchana, mbele ya akina mama waliokwisha kumaliza chai. Halafu kuna kalenda. Januari ni mwezi wa 0 na Desemba ni wa 11, lakini tarehe zenyewe zinaanzia 1. Kituko hiki kilichotwa kutoka Java, na Java wenyewe walishajirekebisha mwaka 2014 kwa kuleta kalenda mpya. Sisi kwa miaka mingi tulibaki tunalea mtoto wa watu. Nami ni Mswahili, nimekulia kwenye saa moja asubuhi huku mshale wa ukutani umesimama kwenye 7, kwa hiyo nina uvumilivu wa kutosha na hesabu za muda zilizopinda. Ila mwezi wa sifuri hata babu yangu hakuwa nao.

Lugha yenyewe ningeivumilia. Kinachonimaliza ni fremuweki. Kwa wasioijua, fremuweki ni programu ambayo wenzako wameandika nusu ili wewe umalizie nusu iliyobaki, kwa masharti yao. Masharti ndiyo yenye balaa. Mwaka 2006 John Resig alitoa jQuery, maktaba ndogo tu, nasi tukaishika mpaka tukawa tunaota nayo. Mwaka 2010 ikaja AngularJS kutoka Google. Mwaka 2013 Facebook wakatoa React. Mwaka 2014 Evan You akaleta Vue. Kila mmoja alikuja na wafuasi, na kila mfuasi alikuja na sura ya mtu aliyetoka kuokoka jana usiku.

AngularJS ndiyo iliyonifanya nianze kuzeeka. Watu walijifunza, wakajenga mifumo ya kampuni nzima, wakachapisha kadi za kazi zinazosema wao ni mabingwa wa Angular. Mwaka 2016 Google wenyewe wakatoa Angular 2, iliyoandikwa upya tangu msingi, kiasi kwamba kuhamisha mfumo wa zamani kulikaribia kuwa sawa na kuujenga tena. Mwaka uliofuata wakatoa Angular 4. Ya 3 haikuwepo. Maelezo yalikuwa kwamba kijisehemu kimoja ndani yake kilishafika namba 3 kabla ya vingine, kwa hiyo ili vyote vilingane wakaamua kuruka pamoja. Kama mwanafunzi wa darasa la pili angeniletea hesabu hiyo ningemwita mzazi wake.

React nayo ilitufundisha kuandika kwa mtindo mmoja, na Februari 2019 ikaleta mtindo mwingine. Walisema ule wa zamani haufutwi, na kweli haujafutwa. Lakini uandike kwa mtindo huo kwenye usaili wa kazi uone anayekusaili anavyokutazama, macho ya mtu aliyekuta mgonjwa kalazwa chini. Ile zana ambayo karibu kila mwalimu wa React alimwanzishia mwanafunzi wake, Create React App, ilitangazwa Februari 2025 kuwa imestaafishwa. Masomo yake yote bado yapo mtandaoni, yakiendelea kuwafundisha watu kupanda gari ambalo halitoki kituoni.

Sasa nina mteja wa siku nyingi, mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Tandika. Mahitaji yake hayajabadilika tangu nimfahamu: ameuza nini, kimebaki nini, na nani kachukua mabati kwa mdomo. Nilimwandikia mfumo kwa lugha ya PHP pamoja na jQuery, ukakaa kwenye kompyuta ya pale pale kaunta. Una rangi ya kijani ambayo leo hakuna mtu mwenye adabu angeichagua. Unafunguka kabla hajamaliza kuvuta kiti.

Mwaka jana alikuja kwangu kijana wa mafunzo kwa vitendo kutoka chuoni, mwerevu, ana haraka. Nikampeleka Tandika. Alipoona mfumo ule alirudi nyuma hatua moja. "Kaka, hii bado ipo?" Aliuliza kwa sauti ya chini, ili mfumo usisikie. Akanishauri tuuandike upya kwa zana za kisasa. Nikamwambia ajaribu, kwa sababu kijana ukimkataza atadhani unaficha utamu.

Akafungua laptopu yangu, akaandika amri moja fupi, na vifurushi vya programu vikaanza kushuka. Vikashuka. Nikaenda kununua vocha. Nikarudi, vinashuka. Ili kuonesha neno "Karibu" katikati ya skrini nyeupe, tulikuwa tumepakua vifurushi kwa mamia, vyote vikajazana kwenye folda inayoitwa node_modules. Hiyo folda usijaribu kuinakili kwenye flashi mbele ya mgeni. Utampikia na atalala. Ryan Dahl, aliyeunda Node.js, zana ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari, mwaka 2009, mwaka 2018 alisimama jukwaani Berlin kutaja mambo 10 anayoyajutia kuhusu kazi yake hiyo, na node_modules ilikuwemo. Nilipoisikia hotuba ile karibu nilie kwa faraja. Halafu, ndani ya hotuba hiyo hiyo, akatambulisha zana nyingine mpya aliyoitengeneza, Deno, ambayo jina lake ni herufi za Node zilizochanganywa. Mtu anatubu madhabahuni huku mkono mmoja unagawa kadi za mradi mpya!

Nikamwomba kijana tuchungulie ndani ya vifurushi tujue tumenunua nini. Huko duniani kuna kifurushi ambacho kazi yake ni kukwambia kama namba ni shufwa. Hicho kinategemea kifurushi kingine kinachokwambia kama namba ni witiri. Na hicho cha witiri kinategemea cha tatu, kinachokwambia kama namba ni namba. Ukoo mzima wa watu wanaotegemeana ili kufanya kazi ambayo mtoto anayecheza bao anaifanya kwa vidole huku akitafuna muhogo.

Kuna wakati ukoo wa namna hii uliwahi kuangusha wengi. Machi 2016 jamaa mmoja aligombana na wasimamizi wa npm, ghala la vifurushi hivi, juu ya jina la kifurushi chake, akakasirika, akaondoa kazi zake zote. Miongoni mwake kulikuwa na left-pad, mistari 11 ya kuongeza nafasi upande wa kushoto wa neno. Basi. Kumbe nusu ya mji ilikuwa imeiegemea bila kujua. Mifumo ya kampuni kubwa kubwa ikagoma kujengwa, mainjinia wenye mishahara ya kununua kiwanja wakabaki wanakodolea macho skrini, mpaka wasimamizi wakairudisha kwa nguvu saa chache baadaye. Mistari kumi na moja! Napenda sana kisa hiki. Nikiwa na huzuni hukisimulia.

Kijana akanijibu kwamba hayo ni mambo ya intaneti tu, ukiwa na mtandao mzuri huyaoni. Mtandao mzuri. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika huko baharini, na Tanzania na majirani zake tukabaki tunatazama kiduara kinazunguka. Siku zile nilikuwa na mradi mwingine, ule wa kisasa, ambao zana zake hazipigi hatua bila kwanza kuomba ruhusa kwa seva iliyo mbali kuliko alipo mkwe wangu. Nikakaa. Simu ikalia, ni yule mama wa Tandika. Nikaipokea kwa unyonge nikijua ananiletea kesi. "Mwanangu, wanasema intaneti haipo. Ndiyo kitu gani hicho, na mimi kinanihusu?" Alikuwa anauza misumari kama kawaida.

Nisieleweke vibaya, kuna vipya ambavyo nikinyang'anywa nitaandamana. Git ya Linus Torvalds, zana ya kutunza kila toleo la kazi yako, tangu mwaka 2005, imeniokolea kazi nyingi, japo maneno yake ya makosa yanasomeka kama barua ya mwanasheria wa mpangaji mwenzako. Na yule kijana ana hoja moja isiyopingika: PHP ya kizamani iliyoachwa bila kusasishwa ni mlango usio na komeo, na wezi wa siku hizi hawapigi hodi. Ule wa Tandika huwa nausasisha. Kimyakimya, bila kuubadilishia dini.

Ninachohoji ni kasi. SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ilianza IBM miaka ya 1970, na ile niliyofundishwa chuoni bado inaninunulia unga leo, neno kwa neno. Inawezekana, kumbe. Ila kwenye fremuweki hakuna anayetaka kukaa kwenye kiti mpaka kipate joto. Hata wakubwa hawasalimiki. Ushahidi, ile programu ya kukusanya taarifa za wananchi iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 na ikatumika hadi Haiti kwenye tetemeko la 2010, ilijengwa juu ya fremuweki ya PHP iitwayo Kohana. Kohana ikafa. Ushahidi ikalazimika kufunga virago kuhamia kwingine. Wamesaidia watu kuokolewa kwenye vifusi, lakini nyumba yao wenyewe iling'olewa paa.

Msaada ndio huo, siku hizi tuna akili mnemba. Unaiuliza, inakujibu kwa lugha laini kuliko ya mposaji, ikikupa maelekezo kamili ya toleo lililokwisha kuzikwa. Ukiiambia kwamba amri hiyo haipo, inakushukuru kwa umakini wako na kukupa nyingine ambayo haikuwahi kuwepo.

Waajiri nao wamo. Tangazo linataka mtu mwenye umri usiozidi miaka 28 na uzoefu wa miaka mingi kwenye zana iliyotoka juzi. Nilidhani ni sisi tu. Mwaka 2020 Sebastián Ramírez, mtu aliyeitengeneza fremuweki ya FastAPI kwa mikono yake, alikutana na tangazo la kazi lililotaka uzoefu wa miaka 4 na zaidi kwenye FastAPI. Yeye alikuwa ameiunda mwaka mmoja na nusu kabla. Baba mzazi hana sifa za kumlea mwanawe.

Kijana wangu hakukata tamaa, hilo nampa. Alikesha, na mwezi uliopita tukapanda daladala kwenda Tandika kumwonesha mama mfumo mpya. Kusema kweli ulikuwa unang'aa. Grafu zinapanda na kushuka zenyewe, vitufe vina mviringo, na kuna swichi ya kuufanya ukurasa wote uwe mweusi kama Luku imekwisha. Mama akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu na kwa upendo, maana kijana anafanana na mwanawe wa mwisho.

"Hongera, mwanangu. Sasa deni la mzee wa pale kona liko wapi?"

"Madeni yanakuja kwenye toleo la pili, mama."

"Aa." Akavua miwani. "Na mabati yake ningempa kwenye toleo la pili."

Akageukia kompyuta yake ya kijani, akabonyeza mara mbili, deni likatokea, akaniomba nimwongezee ukubwa wa herufi. Nilibadilisha namba moja. Akauliza kama kwa kazi hiyo nitathubutu kumdai pesa, nikasema hapana mama, shikamoo, tukaondoka.

Kwenye daladala kijana alinyamaza, kichwa kimeegemea dirishani, nami nikaanza kumwonea huruma. Kabla hatujafika Kariakoo simu yake ikalia. Akaisoma, akakaa wima, macho yakawaka. Fremuweki aliyoitumia ilikuwa imetoa toleo jipya asubuhi ile.

"Kaka," akaninong'oneza, "unaonaje tukianza upya?"