Mwongozo wa Kwenda Ng'ambo kwa Mtu wa Rudewa

Jambo la kwanza ni kutangaza. Kabla hujagusa fomu yoyote ya Uhamiaji, hakikisha habari zako zimefika Mbuyuni, Batini na Gongoni, na kama vocha inatosha, Kilosa mjini pia. Ukikaa kimya watasema umekimbia deni. Ukitangaza mapema unapata washauri, ambao wengi hawajavuka Dumila lakini Dubai wanaijua mtaa kwa mtaa. Unapata na wateja: ndugu wa kuagiza simu, manukato na viatu namba 43, wote kwa ahadi ya kulipa ukirudi. Waandike kwenye daftari. Bila daftari hilo unaweza kujidanganya kwamba safari ni yako.

Pasipoti iache mpaka mwisho. Hapo ndipo utakapogundua kwamba cheti cha kuzaliwa kinasema Yusufu, kitambulisho cha NIDA kinasema Yusuph, na cheti cha shule kina jina la babu kama mwalimu wa darasa la kwanza alivyolisikia. Utakula kiapo cha majina, utapanga foleni, utapiga picha upya, huku tarehe ya tiketi ikikusogelea. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Mtu mwenye akili anaichukua mwaka ambao hana safari yoyote. Lakini nani Rudewa atatoa hela ya mbolea akanunue kitabu cha kuweka chini ya godoro? Mwenye nacho tayari ahesabu miezi, kwa sababu Falme za Kiarabu zinataka kibakiwe na angalau miezi 6. Na jina la kwenye tiketi lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Shirika la ndege halijui kwamba Yusufu na Yusuph wamenyonya ziwa moja.

Kwa anayekwenda Ulaya, viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hazirudi. Wanataka pia bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, ushahidi wa mahali pa kulala na taarifa ya benki. Kuhusu benki, kijiwe kina dawa yake: kopa milioni kadhaa, ziweke wiki moja, chapisha karatasi, rudisha hela za watu. Ni dawa nzuri, ilimradi ofisa wa ubalozi awe hajawahi kuona akaunti iliyolala miaka miwili ikazinduka Jumatatu.

Sasa mzigo, na hapa sisi ni mabingwa. Tumekulia kwenye lumbesa, gunia lililovalishwa kilemba, na ingawa Wakala wa Vipimo wamelipigia kelele kwa miaka, likijaa mpunga linavutia macho. Mzani wa uwanja wa ndege haujui kuvutiwa. Mashirika mengi huruhusu begi la kilo 23, na likipita 32 wapakiaji hawalibebi hata ukilipa. Maelezo hayo mpe shangazi, atakayekuja usiku wa kuamkia safari na mchele, karanga, unga wa muhogo na kuku wa kukaushwa wa mwanawe aliyeko Ujerumani.

"Shangazi, kuku haingii. Ulaya hawapokei nyama wala maziwa ya msafiri."

"Mwanangu, nani kakwambia hii ni nyama? Hii ni zawadi."

Usibishane na mkubwa. Mpokee kuku kwa mikono miwili, shukuru, panda treni ya SGR pale Kilosa, na uhakikishe kuku amekwisha kabla ya Pugu. Mafuta ya nazi yaende kwenye begi kubwa, maana tangu 2006, ilipogunduliwa London njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, chupa inayozidi mililita 100 haiingii nawe kwenye ndege katika viwanja vingi. Chupa tupu lakini wanairuhusu. Ichukue, na usimwambie mtu kwa nini. Hoteli nyingi za Ulaya, hata zile za bei ya ng'ombe wawili, chooni zina karatasi tu. Siku hiyo chupa ya Rudewa itakuwa mali kuliko simu. Anayekwenda Dubai au Muscat asijisumbue. Huko mpira wa maji upo ukutani na heshima ya mtu imezingatiwa.

Mazoezi ya hoteli yafanyie Mikumi, kwenye gesti za barabara kuu wanakolala madereva wa malori ya Tunduma. Utajaza kitabu cha wageni: jina, kabila, unakotoka, unakokwenda. Utapewa kandambili zote za mguu wa kushoto, kipande cha sabuni na chandarua chenye historia. Ukiweza hapo, kwingine hakukushindi. Mikumi hiyohiyo zipo pia kambi ambazo mgeni hulipa kwa dola ili alale kwenye hema na asikie tembo. Wakulima wanaopakana na hifadhi humsikia bure, tena akiwa katikati ya mahindi yao, na hakuna aliyewahi kuwaletea juisi ya makaribisho.

Dubai kabila hawakuulizi. Wanataka pasipoti na amana, na kila usiku chumba kinatozwa dirhamu ya utalii, kati ya 7 na 20 kulingana na hadhi ya hoteli. Kadi ya mlangoni ndiyo pia inayowasha umeme: ichomeke kwenye tundu lake ukutani, usikae gizani ukidhani umekatika. Chaja yako ya pini tatu za bapa itaingia bila matata huko, Oman na Uingereza. Ulaya bara na Uchina tafuta adapta. Ukikuta friji ndogo iliyojaa soda na karanga, elewa kwamba karanga hizo hazikutoka kwa shangazi. Zina bei, na bei yake ingekunywesha soda kijiwe kizima. Funga mlango wa friji taratibu, kuna hoteli ambazo chupa ikinyanyuliwa tu hesabu imeshaandikwa.

Kabla ya saa ya kuachia chumba, ambayo mara nyingi ni saa sita mchana, acha taulo zote mahali pake, hata ile nyeupe inayofaa kabisa kwa mjomba. Sabuni ndogo na shampuu beba. Hizo zimeshalipiwa, na ukizigawa vizuri zinafuta majina kama sita kwenye daftari.