Joto la Chumba cha Nani?

Shangazi wa bwana harusi ndiye aliyegundua kwanza. Alinivuta pembeni, akaninong'oneza kwa upole, "Mwanangu, ndivyo mlivyokusudia iiname hivyo?" Nikamjibu kwamba ndiyo mitindo ya siku hizi. Hiyo ni Jumamosi iliyopita, saa tatu kasoro usiku, ukumbini Mbezi. Keki yangu ya ngazi tatu, kilo 12, ilikuwa inawainamia wageni kama mkwe mwenye adabu.

Ngoja nieleze, maana ukumbini hakuna aliyenipa nafasi. Ngazi ya juu ya keki haikalii ngazi ya chini. Ndani ya keki ya chini tunachomeka nguzo (mimi natumia vijiti vya mishikaki, vile vinene) zilizokatwa sawa na kimo chake, halafu keki ya juu inatua kwenye kadibodi iliyokaa juu ya vijiti. Uzito wote unashukia mezani, keki ya chini haibebi kitu. Ila vijiti vyenyewe vinasimama kwa sababu keki na krimu vimevibana. Krimu ikilegea vinaanza kulala, vyote upande mmoja, taratibu, kama abiria waliosinzia kwenye daladala.

Na krimu ya siagi ni kiumbe cha ajabu. Siagi yenyewe ni mafuta, asilimia 80 hivi, na maji yaliyofungiwa humo kama matone madogo. Unapasha ute wa mayai na sukari juu ya mvuke, unaupiga mpaka upoe na kusimama, kisha unatia siagi kipande kwa kipande. Inafika mahali vyote vinakatika kama maziwa yaliyoganda, unataka kulia. Endelea kupiga tu. Ghafla vinaungana, vinang'aa kama hariri. Nimeifanya miaka yote hii na bado namwita jirani aje aone.

Hariri hiyo huanza kuchoka hata nyuzi joto hazijafika 30. Zikifika 35 ni mafuta ya kukaangia. Kitabu changu cha mapishi, cha Ulaya, kinasema itumike ikiwa na "joto la chumba". Chumba cha nani? Chao kina nyuzi 20. Changu cha Tabata, mwezi wa pili, kina 32 na feni imesimama kwa sababu umeme umekwenda. Ningeweza kutumia mafuta mgando. Hayayeyuki upesi, ila yanang'ang'ania kwenye kaakaa. Nikakataa. Kadi yangu imeandikwa "Mshauri wa Vitindamlo", na mshauri hatumii mafuta ya maandazi.

Hata hivyo keki ilifika imenyooka, kwa gari la kukodi lenye kiyoyozi, kwa gharama yangu. Ratiba ilisema ikatwe saa 1:00 usiku. MC akataka kamati ijitambulishe, ukoo wa mama ujitambulishe, wa baba nao, kisha majirani wa zamani. Saa 3:10 ndipo zamu yetu ilipofika, baada ya saa mbili chini ya taa za mpiga video. Ngazi ya juu haikukatwa. Ilidakwa na mpambe wa bwana harusi, kwa koti.

Mhazini wa kamati akazuia salio langu, shilingi 250,000, kwa "kasoro ya bidhaa". Hapo sicheki. MC aliyetuchelewesha sote alilipwa na kutunzwa juu yake. Aliyewahi ndiye aliyekatwa.

Pembeni yangu muda wote alikuwepo ndafu, mbuzi kachomwa mzima, majani mdomoni. Watu wanamwita keki ya asili. Hakuinama hata kidogo.

Mikasa mingine ya kazi hii ni midogo. Ipo hoteli iliyonilipa ushauri wa wiki mbili kwa chakula cha mchana. Ipo keki ya kipaimara niliyoiandika jina la padri badala ya mtoto.

Jana mhazini alinipigia. "Dada'angu, habari za siku?" Salio hakuligusia. Mdogo wake bibi harusi naye anaolewa mwezi ujao, mchana, bustanini, na wanaomba niwape ushauri kuhusu keki.