Midway na Moshi wa Kuazima

Waungwana waliotengeneza filamu ya Midway mwaka 1976, kwa kuwa hazina yao haikuwa na wasaa wa kununua vita vipya, waliazima ndege na moshi kutoka Tora! Tora! Tora!, filamu ya 1970 ihusuyo Pearl Harbor, kisha wakambunia Charlton Heston afisa asiyepata kuwako duniani, mwenye mwana aliyetekwa na mahaba, kana kwamba manowari nne za kubebea ndege alizopoteza Mjapani vitani huko Midway Juni 1942 hazikutosha kuwa kisa.

Roland Emmerich, katika Midway yake ya mwaka 2019, alifuma bahari na moto kwa kompyuta, na marubani wake hupenya mvua ya risasi kama nyuki apitaye mauani.

John Ford, mwongozaji wa filamu aliyejeruhiwa huko huko Midway wakati wa vita akishika kamera, katika filamu hiyo ya Emmerich hapewi ila dakika chache. Pengine picha zake, kwa kutikiswa na mabomu ya kweli, zilikosa adabu.